Hukumu ya kumwandikia mtu kwa malipo kazi inayotoka kwa jina lake

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya kibinafsi hapa Mombasa, na mwaka jana niliacha kazi hiyo ili niishi kwa uandishi wa mtandaoni. Nawaandikia watu kazi zinazotoka kwa majina yao, na jina langu halionekani popote. Mkurugenzi mmoja aliyeko Dubai hunilipa kila mwezi nimwandikie makala na hotuba zake, na mzee mmoja mfanyabiashara anataka nimwandikie kitabu cha maisha yake. Lakini mapato yaliyonipa ujasiri wa kuacha mshahara yalitoka kwa wanafunzi wa vyuo vya Uingereza na Marekani, niliowaandikia insha zao kupitia akaunti ya mtu mwingine niliyoikodi. Nina mke, watoto wawili na mama ninayemtunza, na mama anasema nimeitupa riziki niliyopewa na Mungu. Je, kazi hii ni halali? Na niliyokwisha kuyachuma niyafanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu yangu muulizaji, swali lako limekusanya mambo ambayo hukumu zake hazilingani, na haitafaa kuyajibu yote kwa neno moja. Kumwandikia mtu kwa ujira ni jambo linalojuzu kwa asili yake. Kinachoigeuza hukumu ni msomaji: anapoliona jina lililo juu ya andiko, anaamini nini kuhusu mwenye jina hilo, na je, kuna haki yoyote itakayojengwa juu ya imani hiyo? Ukilishika swali hili utaweza kupima hata kazi ambazo hukunitajia.

Msingi wa ruhusa tunaupata katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambamo Mwenyezi Mungu anaamrisha kwamba mwandishi aandike kwa uadilifu, asikatae kuandika kama alivyofunzwa na Mola wake, na mwenye deni ndiye aseme yatakayoandikwa. Na akiwa mnyonge au hawezi kusema, basi walii wake, yaani msimamizi wake, aseme kwa niaba yake kwa uadilifu. Aya imetenganisha watu wawili, mwenye maneno na mwenye kalamu, na haikuona ubaya wowote katika kutengana kwao. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na waandishi, na miongoni mwao ni Zaid bin Thabit, ambaye alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi. Akajifunza, akawa ndiye anayemwandikia barua za kwenda kwao na kumsomea za kutoka kwao, kama alivyopokea Tirmidhi. Barua ilikuwa ya Mtume ingawa mkono ulikuwa wa Zaid. Wazee wetu wa pwani nao walimwendea mwalimu wa chuo cha Qur'ani awaandikie barua ya posa au ya madai, na aliyeipokea hakudhani kwamba amedanganywa.

Kwa hiyo kitabu cha maisha ya yule mzee ni kazi njema, maadamu maisha ni yake na habari zinatoka kwake. Kaa naye, rekodi sauti yake, andika sura moja, kisha rudi umsomee kwa sauti mbele yake kabla hujaingia katika ya pili. Akisema, “Hapa sikuwa shujaa hivyo, niliogopa,” rekebisha, hata kama sentensi yako ilikuwa nzuri kuliko ukweli wake. Usimtungie safari asiyoifanya wala mazungumzo asiyoyakumbuka, na usimwandikie tuhuma juu ya mshirika wake wa zamani ambaye hayupo kujitetea, kwa kuwa hiyo ni ghiba au uzushi, na kalamu iliyoiandika ina sehemu yake katika dhambi. Ikiwezekana, mshauri akutaje ndani ya kitabu kwa sentensi moja ya shukrani. Si sharti la uhalali, lakini lina usalama zaidi kwake yeye, kwa sababu Mwenyezi Mungu amewaonya katika Suratu Aal Imran, aya ya 188, wale wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Na Mtume amesema katika hadithi ya Asma binti Abubakar, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba anayejionyesha kuwa na kitu asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Mzee akisifiwa kwa maisha yake, sifa ni yake. Akianza kusifiwa kwa ufasaha wa kalamu naye akanyamaza na kufurahia, anaingia katika hatari hiyo.

Hotuba na makala za mkurugenzi ziko karibu na hukumu hiyo. Watu wanajua kwamba wakuu wa makampuni na serikali huandikiwa hotuba, na wanachokitaka kwao ni msimamo wao na ahadi zao, si mtindo wa sentensi zao. Hata hivyo nakuwekea masharti mawili. La kwanza ni kwamba rai iwe yake kweli: azungumze nawe, akupe mawazo, kisha asome na kukubali kabla halijatoka. La pili ni kwamba usimwandikie ujuzi asio nao. Makala ya tiba kwa jina la daktari ambaye hakuisoma, sifa za bidhaa zilizoandikwa kana kwamba ni ushuhuda wa mteja aliyeitumia, na majibu ya dini kwa jina la mtu asiyeijua elimu hiyo, yote haya hayajuzu, kwa sababu msomaji anameza dawa, anatoa fedha au anafanya ibada kwa kulitegemea jina. Sauti ya mtu unaweza kuiandikia kwa idhini yake. Ushahidi wake na elimu yake huwezi kumtengenezea.

Hapo ndipo zinapoanguka insha za wanafunzi, na katika hili sioni nafasi ya kukutafutia wepesi. Mwanafunzi anapowasilisha insha, chuo hakihitaji insha hiyo. Kinahitaji kujua kama yeye anaweza kuiandika, na shahada itakayotolewa ni ushahidi kwa watu wote kwamba anaweza. Chukua mfano wa mwanafunzi wa uuguzi aliyekuletea swali la kuhesabu kipimo cha dawa ya mtoto kulingana na uzito wake. Wewe ulikaa usiku ukasoma, ukahesabu, ukampatia alama nzuri. Yeye ndiye atakayesimama wodini akiwa na sindano mkononi, na mama wa mtoto atamwamini kwa sababu ya cheti. Mtume amesema, “Mwenye kutughushi si katika sisi,” hadithi ameipokea Muslim. Na aya ya pili ya Suratul Maida imetukataza kusaidiana katika dhambi na uadui, na haikuvua wale ambao hatutawaona maishani kwa kuwa wako ng'ambo.

Najua vijana wetu wengi wenye elimu, hasa Nairobi na miji mingine ya Kenya, wameingia katika kazi hii kwa sababu ajira hazipo na mtandao unalipa kwa dola, na nafsi yangu inawaonea huruma kwelikweli. Wapo wanaosema kuwa wao wanauza mfano wa insha tu, na anayenunua ndiye mwenye kudanganya. Hoja hii ingesimama kama muuzaji hajui matumizi yake. Lakini wewe unapewa swali lenye jina la somo, tarehe ya kuwasilisha na maelekezo ya mhadhiri, kisha unaambiwa uandike kwa kiwango cha mwanafunzi wa wastani ili asishukiwe. Baada ya hayo huwezi kusema hukujua. Hata sheria za huko zimelifunga jambo hili: Australia ilipitisha sheria dhidi ya huduma hizi mwaka 2020, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 ilifanya kuwa kosa la jinai kuzitoa kwa malipo au kuzitangaza kwa wanafunzi wa England.

Kufundisha ni mlango mwingine, nao uko wazi. Wewe ni mwalimu. Mwanafunzi akikuletea rasimu yake ukamwonyesha palipopinda, ukamweleza kwa nini, naye akarudi kuandika mwenyewe ndani ya mipaka ya chuo chake, ujira wako ni halali na kazi yako ni ya heri.

Akaunti ya kukodi iache. Mteja anaona jina na picha ya mtu wa Marekani, anasoma sifa zilizotolewa kwa kazi za mtu huyo, kisha anampa kazi yeye, na wewe ndiye unayeifanya bila yeye kujua. Huo ni udanganyifu katika jambo ambalo mteja amelizingatia katika kuchagua kwake, pamoja na kuvunja masharti ya mtandao ambayo mwenye akaunti aliyakubali. Fungua kwa jina lako na nchi yako, hata kama utaanza na bei ndogo na huna sifa hata moja. Ukipitia Fiverr, mtandao unaowakutanisha wafanyakazi na wateja, utakatwa asilimia 20 ya malipo yako, na hilo ni dalali aliyejulikana ujira wake, hakuna ubaya ndani yake. Na mteja aliyelipia uandishi wako usimpe maandishi yaliyotolewa na programu ya akili bandia ukamwambia ni kazi ya mkono wako. Mweleze, akiridhika ni sawa.

Kuhusu mkataba, sharti lake ni kazi ijulikane na ujira ujulikane. Taja idadi ya maneno, tarehe ya kukabidhi, sarafu ya malipo, na idadi ya marekebisho yaliyomo katika bei. Makubaliano ya “andika mpaka nitakaporidhika” yana jambo lisilojulikana ndani yake na ndiyo yanayoleta ugomvi. Mzee akitaka kukulipa sehemu ya mauzo peke yake, wanazuoni walio wengi hawaridhii ujira usiojulikana, ingawa wapo miongoni mwa Mahanbali, wafuasi wa madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal, wanaoruhusu mfano wake. Lililo salama ni kiasi maalumu, na sehemu ya mauzo iwe nyongeza. Unaruhusiwa kuiuza haki yako ya uandishi, kwa kuwa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ilithibitisha kwamba haki za utunzi zinahifadhiwa kisheria na wenyewe wanaweza kuzitumia watakavyo. Na anayekuchelewesha malipo mkumbushe mwisho wa aya ile ile ya deni, kwamba mwandishi asidhuriwe.

Sharti la usiri litimize, kwani yaliyosemwa mbele yako ni amana. Ukiulizwa kama ni wewe uliyeandika kitabu fulani, sema, “Sizungumzii kazi za wateja wangu,” na useme hivyo hata kwa kazi usizoziandika, ili jibu lako lisiwe ishara. Kusema uongo hukuruhusiwa, na usikubali mkataba unaokulazimisha kuusema.

Ama kuacha mshahara, hukuitupa riziki. Abdurahman bin Auf alipohamia Madina na ndugu yake wa Kiansari akataka kumgawia nusu ya mali yake, alimwombea baraka kisha akasema, “Nionyesheni soko,” akaanza kwa kuuza jibini na samli. Abubakar alikuwa mfanyabiashara, na alipotawalishwa akala katika hazina ya Waislamu kwa kazi aliyowafanyia. Yote mawili ni njia, na Mwenye kuruzuku ni mmoja. Lakini maneno ya mama yako usiyasikilize kama lawama, kwa sababu nyuma yake kuna hofu ambayo sheria inaiheshimu. Mtume amesema kwamba inamtosha mtu kuwa mwenye dhambi kuwapoteza wale anaowalisha, na chakula na dawa za nyumba yako ni wajibu juu yako mwezi ambao mteja amelipa na mwezi ambao hakulipa. Kwa hiyo weka akiba ya miezi kadhaa kabla ya kujipanua, usizibe pengo kwa mikopo ya simu yenye riba, na kama uandishi wa halali peke yake hautoshi kwa sasa, kufundisha nusu siku ni bora kwako kuliko kurudi kwenye insha. Akiba hiyo ikifikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikapitiwa na mwaka, toa zaka yake asilimia 2.5, na hesabu pia fedha zilizo katika pochi ya mtandao ambazo hujazihamisha.

Limebaki ulilolichuma. Malipo ya kazi halali ulizozifanya kwa ukamilifu kupitia akaunti ya kukodi, wanazuoni wengi wa zama hizi wanaona ujira wake ni wako kwa kuwa mteja amepata alichokilipia, na unabaki na toba ya uongo. Fedha za insha zina hali mbili. Ikiwa hukujua kwamba ni haramu, basi aya ya 275 ya Suratul Baqara imesema juu ya riba kwamba aliyefikiwa na mawaidha akajizuia, yaliyopita ni yake, na kundi la wanazuoni limeipima kwayo mali kama hii, hutakiwi kuitoa. Ikiwa ulijua ukaendelea, toa kiasi kilichobaki mkononi mwako uwape masikini, kwa nia ya kujitakasa nacho na si kwa kutaraji thawabu za sadaka. Kompyuta uliyoinunua kwayo na unayoihitaji kwa kazi ya halali unaweza kubaki nayo, ukatoa thamani yake kidogo kidogo. Na ikiwa kuna insha ulizolipwa nusu ukawa hujaziandika, usiziandike. Warudishie wenyewe fedha zao, uwaambie kwamba umeacha kazi hiyo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.