Jibu: Kamera mpya inaandika hitilafu ya lenzi

Ndugu, kwa ulivyoeleza (kamera ina siku nne, ulipiga picha mwaloni Kirumba, ufukweni Mwanza, sasa lenzi inatoka nusu, inakwaruza, kisha inajizima) mshukiwa wa kwanza ni mchanga. Lenzi za kamera ndogo ni mirija inayoingiana kama antena ya redio. Punje moja ikinasa katikati, mota inashindwa kusukuma.

Anza na betri hata hivyo. Ijaze kabisa, maana betri dhaifu nayo huleta ujumbe huohuo. Itoe pamoja na kadi, subiri dakika kumi, rudisha betri peke yake. Washa kwa kitufe cha kutazama picha, sio swichi kuu: ikiwaka bila kulalamika, kamera kwa ujumla ni nzima, tatizo liko kwenye lenzi.

Sasa ielekeze lenzi chini. Puliza kuzunguka mwanya wa mirija kwa kipulizio cha mpira, usitumie mdomo, mate yanagandisha vumbi. Chukua ukanda wa karatasi ngumu kidogo, upitishe taratibu kwenye mwanya huo, puliza tena, washa ikiwa bado imeinama. Rudia mara tatu au nne.

Ikigoma, acha hapo. Usiizungushe lenzi kwa mkono, gia zake ni za plastiki. Wala usimpe fundi wa mtaani aifungue: waranti itakufa, na kapasita ya flashi (kifaa kinachohifadhi umeme wake) hubaki na volti kama 300 hata betri ikitolewa. Irudishe dukani na risiti.