Kuhama shule akiwa kidato cha tano

Mama mwenzangu, umeuliza kama kumtoa binti bweni la Iringa na kumleta shule ya Mbeya akiwa kidato cha tano PCB (fizikia, kemia na biolojia) kutamharibia chuo kikuu. Kuhama kwenyewe hakumharibii. Chuo hutazama matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani) ya kidato cha sita, si shule alizopitia. Udaktari ndio unataka afaulu vizuri masomo yote matatu.

Kinachoumiza ni mada kutolingana. Huenda Mbeya wameshaingia kemia ya kaboni, Iringa bado wako kwenye atomu, na pengo hilo hakuna atakayemzibia. Beba madaftari yake, kaa na mwalimu wa taaluma wa huko Mbeya, mlinganishe mada kwa mada. Maabara pia ikague mwenyewe, usiambiwe tu. Akihama, iwe sasa; akishasajiliwa mtihani wa kidato cha sita, mimi simshauri.