Maua ya njano kwenye mchanga wa Illinois, ni mmea gani?

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Mwezi wa nane nilikuwa Marekani, Illinois, tukatembezwa kwenye mbuga ya nyasi, chini mchanga mtupu. Nikakuta mmea unanifika magotini hivi, maua ya njano petali 5, vijani vimepangana pea pea kama vya kifauongo na nilipovigusa vikajikunja taratibu. Mmoja akasema ni sena, mwingine eti magugu tu. Ni nini hasa?

JIBU: Magugu hapana ndugu yangu! Kwa ulivyoeleza hiyo ni Chamaecrista fasciculata, wenyewe kule wanaiita partridge pea, mmea wa asili wa hapohapo, wa jamii ya kunde, unaota, unachanua na kufa ndani ya mwaka mmoja. Aliyesema sena hayuko mbali, zamani wataalamu waliiweka pamoja na sena kwenye jenasi moja, yaani kundi la mimea ndugu, iitwayo Cassia, ila sena ya mbuga zile, Senna marilandica, inaishi miaka na miaka, ni ndefu kuliko hiyo na vijani vyake ni vikubwa zaidi.

Anayechanganya watu kweli ni ndugu yake, Chamaecrista nictitans, majani karibu yaleyale kabisa, hapo ndo uangalie ua lenyewe. Lako likiwa na upana wa sentimita 2 na nusu au zaidi na stameni (vile vijiti vya katikati vyenye chavua) 10 basi ni fasciculata, la nictitans ni kiduchu, kama sentimita 1, na stameni 5 tu kwa kawaida. Mara nyingi fasciculata ina doa jekundu kwenye kitako cha petali, na petali hazilingani.

Halafu angalia kikonyo cha jani, mi hapa ndo napapenda, kuna kitezi kidogo kama kisahani kinatoa nektari, ule utomvu mtamu, na utakuta sisimizi wamejaa, wakati ua lenyewe halina nektari hata tone, nyuki anafuata chavua tu na inabidi atetemeshe stameni ndo imwagike. Mchanga ule hauna rutuba lakini mizizi yake ina bakteria wanaovuta naitrojeni toka hewani ikawa kama mbolea yake, ndo maana inastawi pale.

Ukirudi msimu wa maganda utamaliza ubishi wote wa sena, yakikauka yanapasuka, yanajisokota na kurusha mbegu mbali, ya sena hayafanyi hivyo.