Avoka asome kabla ya saini: ushauri kwa wanaofanya kazi na migodi, umeme na benki Lubumbashi

Wenye kampuni ndogo na za kati hapa Lubumbashi wengi wao hufika kwa avoka (wakili) faktura (ankara) ikiwa imeshalala miezi minane kwenye biro ya mgodi. Kinachobaki hapo ni kudai, na kudai kunakula pesa: barua za madai, ada za mahakama, safari za Kolwezi. Mkataba wenyewe ulikuwa kurasa kumi na mbili. Ungesomwa vizuri asubuhi moja kabla ya mtu kushika kalamu, na kwa bei ndogo kuliko kesi yoyote. Kwa hiyo pesa uliyotenga kwa ajili ya avoka itumie huko mwanzoni.

Kabla ya kumpa avoka karatasi, muulize kama kabine yake (ofisi yake ya sheria) inamfanyia kazi yule unayetaka kusaini naye. Mji huu ni mkubwa kwa watu, lakini kabine zinazojua mambo ya migodi na benki si nyingi, na kampuni kubwa nyingi tayari zina mtu wao humo. Akijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta mwingine. Kisha omba barua ya kazi yenye mambo manne: atafanya nini, nani hasa atasoma (avoka mwenyewe au mwanafunzi wake wa mazoezi), lini atarudisha maoni, na bei. Kwenye bei uliza kama TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% imo ndani au iko juu yake. Omba maoni yaandikwe kando ya kila kifungu. Barua ndefu ya nadharia haikusaidii mezani siku ya kujadiliana.

Mletee statuti (katiba ya kampuni) za sasa, RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (nambari ya utambulisho wa kitaifa), nambari ya kodi, na PV (kumbukumbu za kikao) iliyomteua meneja. Mambo mengi huharibika hapo hapo. Kampuni imebadilisha meneja mwaka juzi kwa PV, lakini RCCM bado inataja yule wa zamani. Benki inakataa, mgodi unasimamisha malipo, na kila mtu anakimbilia guichet unique, ofisi ya kusajili kampuni. Upande wa pili nao wakaguliwe hivyo hivyo. Kama anayesaini ni mkubwa wa manunuzi, avoka adai hati ya madaraka yenye kiwango cha juu anachoweza kusaini, kisha aibandike kwenye mkataba. Mtu ambaye si meneja wala hana hati hiyo anaweza kukuachia saini isiyoifunga kampuni yake.

Tuje kwenye sutretansi, yaani kazi ambayo kampuni kuu inaipa kampuni nyingine, maana hapo ndipo kampuni nyingi za hapa zinapopata mkate wao. Sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inaiweka kazi hiyo mikononi mwa kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongomani. Kampuni kuu haiwezi kuwapa wengine zaidi ya 40% ya thamani ya soko lake, yaani mkataba wake wa kazi. Soko likipita franga milioni 100 lazima zabuni ifanyike. Mkataba lazima uwe wa maandishi, na kampuni kuu inapaswa kutoa avansi (malipo ya awali) isiyopungua 30% kabla kazi haijaanza. Kwenye soko la dola 200.000, hiyo ni dola 60.000 mkononi kabla hujakodi lori hata moja. Hata hivyo utaona mikataba mingi inayosema malipo yote ni siku 60 baada ya faktura, bila neno moja juu ya avansi. Mtoa kazi anategemea kwamba hutauliza. Avoka anayeijua sheria hii haandiki barua ya ugomvi. Anaingiza tu kifungu cha avansi katika rasimu, anataja sheria, na mara nyingi kinapita bila kelele.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye hisa. Mgeni anamwekea Mkongomani 51% kwenye karatasi, kisha anamsainisha hati ya kuhamisha hisa isiyo na tarehe na kuifungia kwenye kabati lake. Siku ARSP, mamlaka inayosimamia sutretansi, ikikagua, anayeulizwa ni yule mwenye jina kwenye statuti. Siku mambo yakienda vizuri, tarehe inaandikwa na hisa zinaondoka. Ukiombwa kusaini karatasi ya namna hiyo, iwe imeitwa jina zuri kiasi gani, usiisaini kabla avoka wako, si wa kwao, hajaiona. Sheria ya kampuni ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, Congo ikiwemo), ile iliyorekebishwa mwaka 2014, inakubali wazi makubaliano ya wenye hisa yaliyo nje ya statuti. Nani anapiga kura juu ya nini, nani ana haki ya kununua kwanza, hisa zinapimwa vipi mtu akitoka: hayo yote yanaweza kuandikwa humo mchana kweupe.

Sasa kifungu cha malipo. Maneno yanayoua ni haya: "siku 60 baada ya faktura kukubaliwa." Kukubaliwa na nani, na kwa muda gani? Saa haianzi kutembea mpaka mtu fulani mgodini agonge muhuri, na mtu huyo yuko kongé (likizo). Avoka aandike kwamba faktura iliyopokelewa, ikipita siku 10 bila pingamizi la maandishi lenye sababu, inahesabiwa imekubaliwa. Aongeze kwamba kama sehemu tu ina ubishi, sehemu isiyo na ubishi inalipwa kwa wakati. Nawe kwa upande wako hakikisha kila karatasi ya kupokea mzigo ina jina, tarehe na saini inayosomeka. Jaji wa Mahakama ya Biashara hataipa uzito mkubwa karatasi yenye mchirizi wa kalamu usiojulikana ni wa nani.

Halafu kuna muda wa kudai, ambao watu wengi wanaukosea. Chini ya OHADA madai kati ya wafanyabiashara hufa baada ya miaka 5, lakini yale ya uuzaji wa bidhaa hufa baada ya miaka 2. Aliyeuza matairi, chokaa au vilainishi hana muda sawa na aliyefanya ulinzi. Ukisubiri kwa adabu kwa sababu "tutaendelea kufanya kazi pamoja", muhimu ni kupata maandishi ambamo mdaiwa anakiri deni. Ikifika mahakamani, mwambie avoka afanye kazi na sheria mpya ya kudai madeni, iliyopitishwa papa hapa Congo, Kinshasa, tarehe 17 Oktoba 2023. Bado kuna wanaoandika kutoka kitabu cha 1998.

Juu ya pa kwenda kugombana: mkataba wa dola 80.000 wenye kifungu cha usuluhishi London ni mkataba usio na pa kulalamikia. Tiketi, mawakili wa huko na ada za wasuluhishi vitameza deni lote. Kwa kiasi kama hicho omba Mahakama ya Biashara ya Lubumbashi. Kama mkataba uko kwa Kifaransa na Kichina, au Kiingereza, iandikwe pia ni lugha ipi inayotawala.

Kwenye umeme watu wanafikiri kazi ya avoka ni leseni peke yake. Ni kweli sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta kwa watu binafsi, na kibali unachohitaji hutegemea ukubwa wa mtambo na kama unauza au unajitumia mwenyewe. Ila tatizo linaloangusha miradi ya sola ni ardhi. Kampuni haipati konsesyo (haki ya kutumia ardhi ya serikali) ya kudumu, hata kama ni ya Wakongomani watupu. Inapata konsesyo ya kawaida, isiyozidi miaka 25, inayoweza kuongezwa. Ukisaini kuuza umeme kwa miaka 20 kwenye kiwanja kilichobakiza miaka 8, benki italiona hilo siku ya kwanza. Kwa hiyo avoka aanze na cheti cha usajili kwa konservateri wa hati za ardhi: tarehe, mipaka, rehani iliyopo. Kisha ndipo aende kwenye mkataba wa kuuza umeme, na humo atafute mahali penyewe umeme unapohesabiwa kuwa umekabidhiwa, mita ya nani ndiyo inayohesabiwa, na nani analipa mteja akizima mashine zake mwezi mzima.

Teknolojia tutaipitia haraka. Sheria ya numeriki (ya mambo ya kidijitali) ya tarehe 13 Machi 2023 inatambua saini ya kielektroniki, lakini picha ya saini iliyobandikwa kwenye PDF ni kitu kingine. Aliyekutengenezea programu aandike kwamba amekuachia haki zake, maana kulipa faktura peke yake hakukufanyi mwenye msimbo (code) wa programu hiyo. Na kama aplikesheni yako inashika pesa za wateja, hata kwa siku mbili kabla ya kuwapa wauzaji, uliza kwanza kuhusu kibali cha Benki Kuu ya Congo.

Benki ikikukopesha itataka udhamini wako binafsi. OHADA inataka mdhamini aandike kwa mkono wake kiasi cha juu anachodhamini, kwa maneno na kwa tarakimu, na vikitofautiana, maneno ndiyo yanayoshinda. Soma mwenyewe unachoandika. "Elfu mia moja na hamsini" haiandikwi kwa kufuata kidole cha mtu wa benki. Mdhamini huhesabiwa kuwa anadaiwa sawa na kampuni, isipokuwa mkataba useme vingine. Hapo pana nafasi ya kujadiliana kabla ya saini. Baadaye hapana.

Mkopo ukitoka nje, kwa mshirika wa Afrika Kusini au Dubai kwa mfano, pitisha tamko la RC (fomu ya mapato na mitaji inayopita mpakani) kwenye benki yako kabla pesa haijaingia. Dola zikiingia kama "malipo" tu bila RC, zitafanya kazi vizuri mpaka siku ya kurudisha. Siku hiyo benki itauliza mtaji huu uliingia kwa karatasi gani, na uhamisho utakaa hapo wakati mkopeshaji anakuhesabia riba.