Nasali, natoa, lakini ndani ni patupu: je, nina pepo?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni binti wa miaka 34, mzaliwa wa Machame. Nilibatizwa na kupata kipaimara hukohuko, na sasa nina mwaka wa nane Dar es Salaam. Nina kazi nzuri, sina deni la kutisha, nyumbani hakuna mgonjwa. Jumapili naenda ibada ya kwanza, Jumamosi alfajiri naenda jumuiya. Lakini huu mwaka wa pili ndani yangu ni patupu. Nikiomba naona kama naongea na ukuta. Wimbo uliokuwa unanitoa machozi sasa nauimba huku nawaza foleni ya Mwenge. Rafiki yangu alinipeleka kwa nabii mmoja, akasema nina pepo wa ukoo aliyeifunga nafsi yangu, nitoe sadaka ya kujikomboa laki tatu na nijipake mafuta siku saba. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu alisema nikague bahasha zangu za sadaka, huenda namwibia Mungu. Je, utupu huu ni pepo? Ni dhambi? Nifanye nini? Jumuiyani sijamwambia mtu. Wenzangu hubaki kunywa chai ya mama mwenye nyumba, mimi sala ikiisha nakimbilia bajaji.

JIBU: Amina, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye ile bajaji. Nitaifikia.

Kwanza jibu lenyewe, nisikuchoshe. Huo utupu si pepo wa ukoo, na kuwa nao si dhambi. Laki tatu usitoe. Kama ulishatoa kianzio, usirudi kumalizia.

Sasa niongee na huyo nabii, kwa sababu hayuko peke yake. Siku hizi kila kona ya mji ina turubai na spika. Sikatai mapepo. Bwana wetu aliyakemea, na mimi katika utumishi wangu nimeombea watu ambao sikuwa na jina lingine la kuiita hali yao. Ninachokataa ni kuchukua kila maumivu ya moyo na kuyabandika jina la pepo kwa kuwa pepo analipisha. Tena andiko wanalolipenda sana linawageuka. Katika Mathayo 12 Yesu anasema pepo mchafu akimtoka mtu huzurura, kisha hurudi na kuikuta ile nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa. Soma taratibu. Nyumba iko tupu wakati pepo *hayupo*. Utupu ni hali ya nyumba iliyokwisha kusafishwa vizuri na haina mwenyeji. Nabii wako anataka kukufagilia tena nyumba iliyofagiwa. Atapamba na mafuta, utatoka pale unang'aa, na Jumatatu utakuwa tupu vilevile, pungufu ya laki tatu.

Halafu hilo la ukoo. Wanasoma Kutoka 20 mpaka kwenye "kizazi cha tatu na cha nne", wanafunga kitabu. Neno linalofuata ni "cha wanichukiao". Wewe unamchukia Mungu? Anayemchukia Mungu haamki saa kumi usiku awahi jumuiya. Na Waisraeli nao walikuwa na methali yao ya laana ya ukoo: baba wamekula zabibu kali, meno ya watoto yametiwa ganzi. Ezekieli 18 yote imeandikwa kuipiga marufuku methali hiyo, na aliyeipiga marufuku ni Mungu mwenyewe. Nabii wako ameifufua na kuiwekea bei. Ulipobatizwa kule Machame ulizikwa pamoja na Kristo, sasa ni deni gani la babu linalomdai maiti? Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama kwa fedha, Petro hakumpigia hesabu ya punguzo. Alimwambia fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe.

Tarehe 1 Februari 2020, kwenye Uwanja wa Majengo pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Wengine wetu tuliposikia tulitikisa vichwa, kana kwamba jambo hilo ni la wenzetu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipopanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, wanywe kikombe cha dawa cha shilingi 500, aliyekichota alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), kanisa langu na lako. Kwa hiyo sikemei nikiwa nimekaa juu.

Kuna jambo moja nitamkubalia huyo nabii, ingawa linaniuma. Alikutazama usoni akakuuliza una shida gani. Sisi hatukukuuliza.

Mzee wako wa kanisa simalizi wino kwake. Malaki 3, lile andiko la kumwibia Mungu, inahusu zaka, haihusu huzuni, na mtu anapokonda kwa huzuni hatumwambii akaangalie risiti. Nitaongea na wazee kwa njia nyingine.

Wapo pia watakaokuambia tatizo ni utandawazi, simu, mji, maisha ya kisasa. Kuna ukweli hapo, ila mdogo kuliko wanavyodhani. Katika karne ya 4 kule jangwani Misri, bila simu wala bajaji, Evagrius aliwaona watawa wenzake wakipatwa na hali hiyohiyo. Anamweleza mtawa anayechungulia dirishani kila mara, analitazama jua kuona kama saa tisa imekaribia apate kula. (Saa tisa hasa, kwa hesabu ileile ya saa zetu za Kiswahili. Wazungu wakitafsiri wanalazimika kueleza, sisi tunasoma tu.) Mtawa huyo anaanza kuichukia kazi yake na chumba chake, kisha anaona kwamba upendo umetoweka kati ya ndugu na hakuna wa kumfariji. Umejiona hapo? Nikufiche nini: Evagrius aliita hali hiyo pepo, pepo wa adhuhuri, akiifuata Zaburi ya 91 inayotaja uele, yaani ugonjwa, uharibuo adhuhuri. Lakini dawa aliyoandika ni machozi, uvumilivu, kutokukimbia chumba. Mafuta hayapo, wala sadaka ya kujikomboa.

Sasa njoo kwa Eliya, 1 Wafalme 19. Tunaihubiri sana sura hii na karibu wote tunaihubiri vibaya, nikiwemo. Eliya amechoka, amelala chini ya mti wa mretemu, anataka kufa. Mungu anampa nini? Usingizi, mkate, maji, tena usingizi, tena mkate. Hakuna aliyemkemea pepo wa ukoo wa Tishbi. Kisha anafika Horebu: upepo, tetemeko, moto, halafu ile sauti ndogo ya utulivu. Hapo wahubiri tunashusha sauti, kinanda kinalia polepole, tunasema amina. Mwanangu, endelea kusoma. Kabla ya ile sauti Eliya alikuwa amesema, "nami nimesalia, mimi peke yangu." Baada ya ile sauti anaulizwa tena, na anajibu maneno yaleyale, neno kwa neno. Linganisha aya ya 10 na ya 14. Amemsikia Mungu, na bado anajiona peke yake.

Mungu hakukasirika, na hakuirudia ile sauti. Alimpa watu. Nenda ukamtie mafuta Elisha. Na nimejisazia elfu saba katika Israeli. Eliya akateremka mlimani akamkuta Elisha analima kwa ng'ombe, na tangu siku ile sura haimwoni tena peke yake chini ya mti.

Rudi nyuma zaidi, mpaka Mwanzo 2:18: "Si vema huyo mtu awe peke yake." Tumezoea kuusikia arusini, tukadhani ni mstari wa kuoa. Angalia umesemwa lini. Dhambi haijaingia, Adamu anatembea na Mungu bustanini, hana kosa, hana deni, hana pepo. Na Mungu anasema kuna kitu bado hakiko sawa. Ndiyo maana nimekuambia utupu wako si dhambi. Unaweza ukawa karibu kabisa na Mungu na bado moyo ukalia kwa kukosa mtu, kwa sababu aliyekuumba alikuumba hivyo.

Hapo ndipo ninapotaka kugombana na kanisa langu. Katika Makala ya Smalkaldi ya mwaka 1537, moja ya maandiko ya imani ya Walutheri, Martin Luther alipohesabu njia ambazo Injili hutujia alitaja kuhubiriwa kwa Neno, ubatizo, Chakula cha Bwana, funguo za ondoleo la dhambi, kisha akaongeza mazungumzo ya ndugu wao kwa wao na kufarijiana. Ameyaweka kwenye orodha moja na Meza ya Bwana! Tunawafundisha vijana wa kipaimara zile za kwanza wazikariri, hii ya mwisho tunaipita kama kituo kisicho na abiria. Luther mwenyewe aliijua kwa mwili wake. Mwaka 1530 alimwandikia kijana mmoja aliyezama kwenye huzuni akamsihi akimbie upweke, atafute watu, acheke nao.

Jumuiya zilipaswa kuwa mahali pa neema hiyo. Ngoja nikuambie zilivyo, nimezikalia miaka. Saa kumi na mbili kasoro, viti vya plastiki uani, ndoo ya maji pembeni. Wimbo mmoja, andiko, mwinjilisti anafafanua dakika kumi. Kisha mwenyekiti anafungua daftari. Ahadi ya jengo, mavuno, mchango wa kwaya kwenda semina, nani amemaliza, nani bado. Daftari linakula nusu saa. Likifungwa, jua limetoka na watu wanatafuta viatu.

Katika usharika mmoja niliouhudumu tulisoma jina la mzee mmoja, mstaafu wa reli, kati ya waliochelewesha ahadi. Tulilisoma Jumamosi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Ya nne kijana wa jirani akasema, Mchungaji, yule mzee hatoki kitandani tangu mwezi wa tatu. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mimi ndiye niliyemzika. Tulijua namba ya bahasha yake na kiasi anachodaiwa, na hakuna aliyejua kwamba ameacha kula. Kosa hilo sikuwahi kumtwika mwenyekiti wa jumuiya. Daftari lilikuwa langu.

Baada ya hapo tulijaribu kitu cha zamani. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekaa Old Moshi miaka mingi mpaka 1938, aliogopa kwamba fedha na miji vitawachomoa watu mmoja mmoja kutoka kwa wenzao. Akaujenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika, na vijana wa kipaimara akawaunganisha kama ndugu wa ngao, mmoja akimchunga mwenzake, kwa kufuata mila ya Wachagga wenyewe. Bibi yako huenda alisimuliwa. Gutmann alikosea pia: alitaka Mchagga abaki vile alivyomkuta, wakati Mchagga anataka kahawa, shule na barabara. Ila ile ngao nadhani aliiona vizuri. Basi tukawapanga washarika wawili wawili, kazi yao moja tu: kila wiki umtafute mwenzako, umuulize, usikilize. Marufuku kutaja michango. Nisikudanganye kwamba ilikuwa uamsho. Nusu ya jozi zilikufa kabla ya Pasaka, na jozi moja iligombana kwa ajili ya mkopo. Lakini wapo fundi cherehani na karani mmoja ambao mpaka leo hupigiana simu kila Alhamisi usiku, na karani ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika hospitali fundi alipopata ajali.

Wazee wa kanisa mnaosoma hapa, ombi langu ni dogo: Jumamosi mbili kwa mwezi daftari libaki kabatini. Jengo litachelewa, ndiyo.

Turudi kwako. Kabla ya yote, jikague kwa ukweli. Kama usingizi umekukimbia, au unalala kutwa na kuamka umechoka, chakula hakina ladha, unajiona huna thamani, na hali hiyo haikuachi wiki baada ya wiki, nenda ukamwone daktari. Sonona ni ugonjwa, ina tiba, na Mungu aliyemletea Eliya mkate haoni aibu kukuletea vidonge. Na likikujia wazo la kutaka kufa, usingoje asubuhi, mwamshe mtu usiku uleule.

Meza ya Bwana usiiache. Hukuambiwa uje ukijisikia. Umeambiwa utwae, ule. Kwenye maombi yako acha kulazimisha furaha. Chukua Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio, inaisha gizani, rafiki ametengwa, na hakuna haleluya mwishoni, lakini iko ndani ya Biblia na ni sala halali. Isome kwa sauti, ukifika mwisho kalale.

Na ile bajaji. Jumamosi hii usiiite. Kaa. Chai ikija pokea kikombe, hata kama sukari imezidi. Mama mwenye nyumba atakuuliza habari, kama anavyowauliza wote. Usimjibu "nzuri". Mwambie, "Mama, si nzuri sana," halafu nyamaza, umwachie yeye aongee.