Shangazi, mume wangu anatununulia viwanja mwezini, je ni vyetu kweli?

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 9 kwenye ndoa na watoto wawili. Mwaka jana siku ya kumbukumbu ya harusi yetu mume wangu alinipa cheti cha ekari moja mwezini, kwenye uwanda wa huko unaoitwa Bahari ya Utulivu, kina muhuri wa dhahabu na namba za ramani, akakitia kwenye fremu akakitundika juu ya kitanda. Sikatai, nililia kwa furaha. Ila sasa hivi tumefika ekari 11, na juzi nimegundua hela ya mwisho imetoka kwenye akaunti ya ada za watoto. Nikimuuliza anasema mkataba umekataza nchi tu haujakataza watu binafsi, afu Marekani walishapitisha sheria mtu amiliki madini ya huko, kwahiyo tuwahi kabla matajiri hawajamaliza. Chini kabisa ya cheti kuna kamstari kadogo kanasema hii ni zawadi ya kumbukumbu. Mi sio mwanasheria, nashindwa kumjibu. Jina kapuni.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kitu cha kwanza nachotaka ujue ni kwamba mumeo hajaokota maneno hewani, ana nusu ya ukweli mkononi, na ndo maana unashindwa kumjibu maana ukimwambia tu "umetapeliwa" anakutolea sheria na wewe unanyamaza. Kwahiyo ngoja nikupe nusu iliyobaki.

Ardhi sio yenu. Hata ile ekari ya kwanza. Mkataba anaousema ni wa Anga za Juu, ulifunguliwa kusainiwa Januari 1967 na ukaanza kufanya kazi Oktoba mwaka huohuo, na mpaka leo nchi zaidi ya 100 zimo, pamoja na Marekani, Urusi na China. Kifungu cha pili kinasema mwezi hauwezi kufanywa mali ya taifa lolote, sio kwa kutangaza ni wako, sio kwa kuutumia wala kwa kuukalia, wala kwa njia nyingine yoyote. Sasa mumeo anasema mbona hapo wametaja mataifa tu. Sawa, lakini jiulize, kiwanja kinakuwaje cha mtu? Si lazima kuwe na serikali yenye mamlaka juu ya ile ardhi, ina sheria, ina daftari la kuandika majina, ina mahakama ya kumtoa atakayekuvamia? Kule hakuna serikali yenye mamlaka hayo juu ya ardhi na zote zimekatazwa kuyachukua, sasa hiyo kampuni hati imeitoa wapi? Na kifungu cha sita kinasema kila nchi inawajibika kwa shughuli za anga za watu wake na kampuni zake, lazima iziruhusu na iendelee kuzisimamia. Yaani ule mwanya anaouona yeye ni mwembamba kuliko anavyodhani, na wanasheria wengi wa anga wanasema haupo kabisa.

Tena hapohapo Bahari ya Utulivu ndo wanaanga wa Apollo 11 walipotua Julai 1969 na bendera ya Marekani wakaisimika. Unajua bunge lao lilifanya nini Novemba mwaka huohuo? Liliandika kwenye sheria kwamba ile bendera ni alama ya fahari ya taifa tu, isichukuliwe kama kudai umiliki. Wao waliofika kwa miguu yao hawakudai hata hatua moja, sasa atakuuzia nani ekari?

Kuna mtu alijaribu mahakamani. Mmarekani mmoja alijiandikisha kama mmiliki wa kijisayari kinaitwa Eros, NASA, shirika la anga la Marekani, walipotuisha chombo juu yake Februari 2001 akawapelekea bili ya dola 20 za paking. Wakakataa, akafungua kesi, 2004 mahakama ikaitupa, akakata rufaa na huko nako akashindwa. Mwambie mumeo aisome hiyo kesi mwenyewe, itamwingia zaidi ikitoka kwa jaji kuliko kwako.

Sasa hiyo sheria ya Marekani. Ipo kweli, ni ya 2015, na baadae Luxembourg, Falme za Kiarabu na Japani nao wakatunga za kwao. Ila inaongelea kitu ULICHOKICHIMBA. Ni kama mvua, maji uliyokinga kwenye ndoo yako ni yako na unaweza kuyauza, lakini wingu halijawa lako. Mwaka 2018 vijiwe vitatu vidogo sana walivyoleta Wasovieti kwa chombo cha Luna 16 viliuzwa mnadani kwa dola 855,000, na hakuna aliyeshangaa, vilishabebwa vikaletwa. Hata kigari chao cha Lunokhod 2 kilichobaki hukohuko mwezini kilinunuliwa na mtu binafsi mnadani 1993, kigari ni chake, vumbi lililo chini ya matairi sio lake. Mumeo hajachimba kitu, hana roketi, sheria ya madini haimgusi.

Na hata hilo la kuchimba halijatulia, mi mwenyewe linaniuma. Kulikuwa na makubaliano ya 1979 yaliyosema mwezi na mali zake ni urithi wa pamoja wa binadamu wote, nchi zilizokubali hazifiki hata 20 na wenye maroketi makubwa wote hawamo. Matokeo yake barafu iliyoko kwenye mashimo yenye giza ya ncha ya kusini itaanza kuchotwa na atakayewahi kufika, na watoto wako na wa wengine wote hawataulizwa. Kwahiyo hofu ya mumeo kwamba matajiri watamaliza sio ujinga. Dawa yake tu ndo sio cheti.

Kuhusu nyumba yako sasa. Usimwambie mbele ya watoto wala mbele ya ndugu zake, tena usianze na mwezi, anza na ada, manake hapo ndipo alipokukosea: ametoa hela ya pamoja bila kukwambia. Mwambie hivyohivyo, "hela ya watoto irudi na isitoke tena bila sisi wawili kukaa". Afu muonyeshe kale kamstari kadogo, asome kwa sauti yake, ukae kimya. Wauzaji wenyewe wameandika ni zawadi ya kumbukumbu, hapo hamna haja ya kubishana. Ekari za juzijuzi aombe kurudishiwa hela leo, na kama alilipa kwa kadi aulize benki yake kuhusu kupinga malipo, asichelewe maana huwa kuna muda maalum.

Hicho cheti cha kwanza kiache hapohapo juu ya kitanda. Alikupa siku ya kumbukumbu ya harusi yenu na ukalia kwa furaha, hicho ni chako.