Uliza Fundi wa Ndege: Nani ameishika?

SWALI: Shikamoo fundi. Nasafiri sana kibiashara, juzi kwenye ndege jirani yangu ananiambia siku hizi marubani hawafanyi kazi, wanawasha otopailoti wanakunywa chai mpaka mnafika. Sasa kama inajiendesha, mbona wako wawili na mbona bado zinaanguka? – Mama Rehema, Kariakoo

JIBU: Marahaba mama. Huyo jirani yako kasema nusu, ile nusu aliyoiacha ndo mbaya. Otopailoti inafanya ulichoiamuru kweli kweli, sio ulichodhani umeiamuru, na kama hukuiwasha haikudai kitu, imekaa zake kimya.

Mfano wa huku kwetu unauma lakini ngoja niuseme. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007 Boeing 737-800 ya Kenya Airways, KQ 507, ilitoka Abidjan ikapitia Douala kule Kameruni inakuja Nairobi. Saa sita ishapita, dhoruba, nje giza totoro. Wakaruka, ndege ikawa inalalia kulia kidogo kidogo kapteni anairudisha, halafu akatamka lile neno la kusema otopailoti ishike. Rubani msaidizi hakuitikia, wala hakuna aliyetupa jicho kuona kama taa imewaka, na haikuwaka! Kwa hiyo kapteni anajua mashine imeshika, mashine haina habari, msaidizi naye kimya, yani kwa karibu dakika nzima ndege ina watu 114 na haina mwenyewe.

Utaniuliza si wangehisi inainama? Hawahisi mama. Sikio la ndani linashtuka kitu kikienda ghafla, kikienda pole pole linazoea, na usiku ule hata taa ya kijiji huioni nje, kilichobaki ni kuangalia vipimo tu na vipimo havikuangaliwa. Ilipopita nyuzi 30 mtambo ukapiga kelele, kapteni kashtuka akazungusha usukani kulia, kule kule inakoangukia, mara kushoto mara kulia tena. Msaidizi naye akaanza kusema kulia, akajirekebisha haraka, kushoto, kushoto. Ikaenda kuzama kwenye mikoko kilomita chache tu kutoka uwanjani, hakupona mtu, na mabaki yenyewe yalionekana baada ya zaidi ya saa 40.

Kapteni alikuwa na miaka 52, msaidizi 23. Mimi hapo ndo huwa nasimama. Sisi tumelelewa mkubwa akikosea unakohoa tu ukitegemea ataelewa, sasa kule mbele kukohoa hakutoshi, kijana inabidi aseme kapteni otopailoti haijashika, na kapteni asinune. Ripoti ya uchunguzi ilitaja vyote, kuchanganyikiwa na otopailoti na hao wawili kutofanya kazi pamoja. Ndo maana wako wawili mama, mmoja anarusha, mwenzake anamkagua, na kila kinachobonyezwa kinatajwa kwa sauti na mwingine anakijibu baada ya kukiona kwenye skrini, sio kabla.

SWALI: Kaka, hiyo si ya ndege za zamani? Airbus kompyuta si inakataa makosa? – Salim, Muscat

JIBU: Inakataa mpaka siku kompyuta yenyewe inapokosa taarifa. Air France 447, Airbus hiyo hiyo, Rio kwenda Paris, tarehe 1 Juni 2009: vimirija vya kupima kasi viliganda barafu juu ya Atlantiki, otopailoti ikajitoa ikawaachia. Kapteni kaenda kupumzika, rubani mmoja akawa anavuta pua juu tu, mwenzake anasukuma chini, na Airbus kila mtu ana kijiti chake pembeni, mwenzako akivuta chake, wewe chako hakisogei. Mbaya zaidi kasi ilishuka mpaka kompyuta ikaona hicho kipimo hakiaminiki ikanyamazisha onyo la kwamba mabawa hayaibebi tena ndege, wakishusha pua (ndo dawa yenyewe) onyo linarudi, wakiinua linanyamaza. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Walikufa watu wote 228.

SWALI: Abiria akiona kitu asemeje, si ataonekana mshamba? – Shuweni, Lamu

JIBU: Dada Shuweni, tarehe 8 Januari 1989 huko Kegworth Uingereza Boeing 737 ilipata hitilafu injini ya kushoto, marubani wakazima ya kulia, nzima! Kapteni akatangaza kwenye spika kwamba tatizo lilikuwa la kulia, na kule nyuma kuna abiria wameona moto kwa macho yao kushoto, wakajisemea moyoni ah, wao ndo wanajua. Walikufa 47. Wewe bonyeza kengele mwite mhudumu, mwambie umeona nini na upande gani, akicheka acha acheke.